Vipande Themanini vya Kushoto

Kabla hujaniita mvivu, ngoja nikueleze ngazi za karakana yetu. Ziko kumi na nne, za saruji, na ukuta wa kulia umechakaa rangi pale ninapoegemea. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nazipanda na jora la kitambaa begani, huku nikirushiana maneno na Bi Pindo, mshonaji wa mashine ya kwanza, aliyekuwa akinisubiri juu anicheke. Siku hizi nazipanda kama mwizi: tatu, nasimama, tatu, nasimama. Nikifika juu nakaa dakika kumi kabla sijamsalimu mtu. Salamu nayo ni kazi.

Mimi ni mkataji. Wengine wanashona, mimi nakata. Wananiita Rula kwa sababu mstari wangu hauhitaji rula, na nikisema hivyo usidhani najisifu. Au tuseme najisifu, kwani kimebaki kidogo sana cha kujisifia.

Ilianza kwa homa ya wiki mbili. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki, kama mgeni uliyemsindikiza mpaka mlangoni akageuka na kukaa tena. Wala si uchovu wa kazi. Wa kazi naujua, una utamu wake, unalala nao na asubuhi unauacha kitandani. Huu unaamka kabla yangu. Nikiosha nywele Jumamosi, Jumapili kijiko kinanishinda. Nikijikaza siku moja, siku tatu zinazofuata nimelala nikitazama dari, na mwanga wa dirishani unaniumiza macho. Walinipima damu, moyo, mapafu, kila kitu. Kila karatasi ilirudi ikisema mimi ni mzima, mpaka nikaanza kuzichukia karatasi.

Mama mkwe, anayeishi nasi chumba cha nyuma, aliniuliza bila ubaya wowote nimechoshwa na nini ilhali nimeshinda nimelala. Swali zuri, hata mimi nilikuwa najiuliza. Majirani nao kila mmoja akawa daktari. Huyu tangawizi, yule maombi, mwingine nitembee, mwingine niache chai, na mwingine ninywe chai zaidi. Mmoja alisema nimepigwa jicho. Nikamjibu kwamba huyo mwenye jicho basi ana nafasi sana maishani mwake, na mimi namwonea wivu.

Mume wangu hakusema kitu. Yeye ni fundi wa kuchomea vyuma, anatengeneza mageti na madirisha, na watu wa kazi ile hawana maneno mengi kwa sababu ya kelele. Alianza kufua. Kisha akaanza kupika, vibaya, kisha vizuri. Kisha akaanza kunifunga kamba za viatu asubuhi, amepiga goti na mikono yake yenye makovu ya cheche, na hakuna siku aliyopumua kwa nguvu ili nisikie. Laiti angelalamika. Mtu akilalamika unapata pa kumjibia.

Ndipo uchovu ukaleta mwenzake. Siku moja zipu ilikwama kwenye sketi ya mteja, nikakaa nikalia saa nzima, si kwa ajili ya zipu. Nikaacha kuona rangi. Najua unavyofikiri, lakini sisemi kwa mafumbo: kazi yangu ni vitambaa, na nilikuwa napangiwa bluu nne mezani nisijali ipi ni ipi. Sikutaka kufa. Nilitaka tu nisiwepo kwa muda, halafu niitwe mambo yakitengemaa.

Daktari niliyepelekwa alikuwa mwanamke mdogo, wa rika la mdogo wangu wa mwisho, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka umalize. Alisema uchovu ule ni sugu na dawa yake hasa haijulikani, lakini juu yake imekaa sonona, na sonona ina dawa, ila hakuna awezaye kujua ipi itamfaa nani mpaka ajaribu. Kila moja tuipe wiki sita. Nikamwambia kumbe na yeye anakata bila kupima. Akacheka, nami nikampenda kwa kucheka kwake.

Dawa ya kwanza ilinitetemesha mikono. Mkataji anayetetemeka ni sawa na dereva anayesinzia, na wiki ya nne tuliiacha. Ya pili ilinilaza. Nililala saa kumi na tano kwa siku, ulimi mkavu, gauni zote zikanibana, na mama mkwe akawaambia wageni kwamba anamshukuru Mungu mkwe wake anapendeza. Wiki sita zikatimia, kisha nane. Siku ya kuiacha nilimwambia daktari sijui kama ninayo ya tatu ndani yangu. Dawa zipo nyingi, alisema. Nikamjibu sisemi habari za dawa.

Wakati huohuo mwenye karakana aliniita. Ni mzee wa maneno machache, tunamwita Bubu ingawa anasema. Alikuwa na oda ya makoti arobaini ya wahudumu wa hoteli, kitambaa cha bei, na meza yangu ya kukatia alikuwa ameniwekea miezi yote ile huku mgeni wa muda akiitumia. Alisema hawezi tena kuniwekea. Kazi hii nikiiweza, meza ni yangu kama zamani. Nisipoiweza, atamwajiri yule mgeni moja kwa moja, na mimi nitahamia kwenye kiti cha vifungo karibu na mlango. Hakusema kwa ukali, na sikuwa na la kumlaumu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu: hii dawa ya tatu ikigoma, mkasi wangu nao basi.

Ya tatu ilikuwa ya rangi mbili, kijani na njano. Siku kumi hakuna kitu. Siku ya kumi na moja niliamka kabla ya jogoo, nikakaa kitandani nikingoja ule uzito unishike mabega kama kawaida yake. Haukuja. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vyote, visafi kwa vichafu. Mume wangu alipotoka alinikuta juu ya kiti nateremsha mapazia. Alisimama mlangoni muda mrefu sana, kisha akaenda kujifungia bafuni, na maji aliyafungua ili nisimsikie.

Zilikuwa siku tisa. Nitakuambia ukweli, maana aibu nilishaiacha: zilikuwa siku nzuri kuliko zote za ndoa yetu. Nililala saa tatu na zikanitosha. Nilipanda zile ngazi mbili mbili. Tulikwenda kwa wifi yangu kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na njiani nilisimulia hadithi mfululizo mpaka mume wangu akashika mbavu kwa kucheka. Mama mkwe nilimfundisha kucheza karata kisha nikamshinda mara kumi na moja. Rangi zilirudi zote pamoja, kali. Kila mtu aliyeniona alisema dawa imejibu, nami nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya saba nilikata yale makoti.

Koti lina mbele mbili, ya kulia na ya kushoto, nazo hazibadilishani. Kitambaa kile kiling'aa upande mmoja tu. Mgongo wake ulikuwa mfifu kama gunia. Kitambaa cha namna hiyo unakikunja sura kwa sura, panapong'aa patazame panapong'aa, ndipo ukikata mara moja unapata ya kulia na kushoto yake. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza. Iko njia nyingine, ya mkato: unapanga matabaka yote sura juu, huhangaiki kukunja, unakata nusu, halafu unageuza karatasi ya kipimo juu chini na kukata nusu iliyobaki. Mkataji mwenye akili timamu haitumii kwa oda kubwa, kwa sababu anajua binadamu husahau kugeuza.

Mimi nilijua hivyo kwa miaka ishirini na mbili. Asubuhi ile nilijua pia kwamba sisahau kitu. Niliyapanga sura juu, nikaimba, nikakata bila chaki. Bi Pindo alipita akaniambia taratibu, haraka haraka haina baraka, nikamjibu baraka zote leo nimezichukua mimi. Kazi ya siku mbili niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na mistari ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kukata.

Kesho yake Bi Pindo alikaa kushona koti la kwanza. Akachukua vipande viwili vya mbele, akaviweka pamoja, akavigeuza, akavigeuza tena. Akachukua viwili vingine. Mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Akaja mezani kwangu akafungua mafungu yote, kimoja baada ya kingine, na vipande vyote themanini vilikuwa vya kushoto. Makoti arobaini ya watu wasio na upande wa kulia. Na kitambaa cha kurudia hakikuwepo.

Nilicheka. Hilo ndilo nisiloweza kulisimulia vizuri. Bubu alikuwa amesimama na kipande mkononi, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, nikasema tutafute hoteli yenye wahudumu wa kushoto. Hakuna aliyenifuata katika kicheko. Bubu alikirudisha kipande mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akatoka. Bi Pindo alinishika mkono akanipeleka kwenye ngazi, na pale, kwa sauti ya chini, akaniambia:

"Rula, mimi nimekujua miaka ishirini. Ulipokuwa huwezi kusimama, ulikuwa wewe. Sasa hivi sikujui. Hiyo dawa kamwambie daktari."

Nilimkasirikia. Nikamwita mwenye wivu, na maneno mengine ambayo sasa nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza. Lakini usiku ule sikulala hata zile saa tatu, na asubuhi moyo ulikuwa unakimbia nami nimekaa. Nikamwambia mume wangu nakwenda kliniki. Nikamweleza vile vipande, kile kicheko, yote.

Alikuwa anakunywa chai amesimama. Akaweka kikombe chini akauliza kama lazima nimwambie daktari. Nikamwambia nimeharibu kazi, nimepoteza meza. Akasema kitambaa ni kitambaa tu, kuharibika kupo. Kisha akasema, akiitazama mikono yake:

"Siku tisa nimekuwa na mke. Usimwambie."

Sijawahi kuombwa kitu na mtu huyu. Hata uchumba wetu sikuombwa, tulielewana tu. Nilivaa viatu mwenyewe. Akachukua funguo, akasema twende.

Daktari aliniuliza nalala saa ngapi. Nikasema. Akauliza habari za kazini, nikasema. Nilikuwa nasema haraka kiasi kwamba aliacha kuandika. Mume wangu aliangalia sakafu. Daktari alipomaliza kusikiliza alieleza, polepole, kwamba kwa watu wachache dawa hii haiwainui tu, inawarusha, na aliyerushwa hajui kwamba yuko hewani mpaka atue. Dawa niiache leo leo. Vidonge vilivyobaki virudishwe dirisha la dawa. Tutapumzika kidogo, kisha tuanze ya nne, ya namna tofauti kabisa.

Nikamwomba. Mimi Rula, niliyekuwa na jibu kwa kila mtu, nilimshika mkono mtoto yule wa watu nikamwomba anipe nusu. Robo. Kimoja kwa wiki, kama chumvi. Nikamwambia hajui nilikotoka, hajui ngazi zile, hajui mtu anayefungwa viatu. Nikamwambia heri nikate kushoto maisha yangu yote nikiwa nimesimama. Aliuacha mkono wangu ukae juu ya wake. Alisema anajua ananyang'anya, na kwamba akiniachia, siku ya kutua itakuwa mbaya zaidi, na safari hiyo hayataharibika makoti tu. Akamgeukia mume wangu akamuuliza ameelewa. Mume wangu akasema ameelewa. Boksi la dawa lilikuwa mfukoni mwake, akaahidi kulirudisha yeye mwenyewe tukitoka.

Nilitua siku ya nne. La kuvunda halina ubani, na mimi sitalipamba. Mwili ulidai kila ngazi niliyoipanda mbili mbili, kila pazia, mwendo wote wa kwenda kwa wifi na kurudi. Siku kumi na mbili sikutoka chumbani. Mume wangu aliweka ndoo karibu na kitanda na hakuna aliyelitaja hilo. Mama mkwe aliingia na karata, akaziona zimelala juu ya blanketi nami siwezi kuzikusanya, akazikusanya yeye akatoka. Jioni moja alikuja Bi Pindo na mkasi wangu umefungwa kwenye kitambaa, maana ni mali yangu, na yule mgeni ameajiriwa. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Akasema ameshayasahau, akakaa pembeni ya kitanda mpaka giza likaingia, akizungumza habari za bei za uzi ili nisilazimike kujibu.

Ya nne ni nyeupe, ndogo, haina sura. Nimeianza wiki tatu sasa na haijanifanya kitu, kizuri wala kibaya. Ngazi zile sasa nazipandia kiti cha vifungo, siku ninazoweza. Daktari anasema tungoje. Nimekuwa hodari wa kungoja.

Leo ni Jumapili. Mume wangu alinikalisha juu ya mto, akaniletea chai na kisahani cha dawa kama kawaida. Juu ya kisahani palikuwa na kidonge cheupe. Pembeni yake palikuwa na cha rangi mbili.

Nilikitambua hata kabla ya kukitazama vizuri. Kwa hiyo hakulirudisha lile boksi. Alikuwa nalo wiki zote hizi, akipika, akifua, akibeba ile ndoo, nalo lipo mahali ndani ya nyumba hii likimngoja aishiwe nguvu. Nilimtazama. Alikuwa anapanga shuka lililokuwa limepangika.

"Kimoja tu," alisema. "Siwezi kusema uwongo kwamba ni kwa ajili yako."

Nikamwambia kimoja hakifanyi kitu, havifanyi kazi kwa siku moja kama swichi. Nikamwambia alisikia mwenyewe alivyoambiwa na daktari. Sauti yangu ilitoka ndogo, na kila neno nililitafuta. Kisha nikamwambia lile nililodhani ndilo lingemzindua, kwamba yule mwanamke wa siku tisa hakuwa mimi, mimi ndiye huyu.

Aliacha shuka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mtu asiyeweza kusimama.

"Najua hakuwa wewe," alisema. "Na huyu naye siye. Wewe nimekungoja miaka miwili."

Alichukua kile cha rangi mbili, akakifumba kiganjani, akakaa nacho hivyohivyo. Nilikimeza cheupe na chai iliyopoa. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi namngoja huyohuyo, kila asubuhi, kabla sijafungua macho. Ni sentensi fupi tu. Nguvu ya kuisema sikuwa nayo.